Mfadhili, Mwekezaji, Mpangaji: Uhakiki wa Malumbano ya Wapenzi wa Yanga juu ya Yusuf Manji

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezoea kushughulikia ngano, methali, vitendawili na majigambo. Malumbano ya wapenzi wa kabumbu hayajapewa nafasi kubwa, ingawa yana karibu kila sifa ambayo mhakiki huitafuta katika utanzu wa masimulizi. Yana fanani na hadhira, yana mahali na wakati wake, yana kanuni za kupokezana zamu, na yana lugha ya picha ambayo msemaji hupimwa kwayo. Anayelumbana vibaya huchekwa kijiweni. Anayelumbana vizuri hukumbukwa hata na wale aliowashinda.

Makala haya yanachunguza malumbano ya aina hiyo yaliyowagawa kwa miaka mingi wanachama na wapenzi wa klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam, yaani Yanga. Kiini chake kilikuwa nafasi ya mfanyabiashara Yusuf Manji katika kuikoa klabu hiyo kifedha. Manji aliingia Yanga kama mfadhili katikati ya miaka ya 2000, akachaguliwa mwenyekiti Julai 2012, akaomba kuikodi timu Agosti 2016, akajiuzulu Mei 2017, na akafariki dunia nchini Marekani Juni 2024. Tangu mwanzo hadi mwisho palikuwa na waliomwita mwokozi, na palikuwa na waliomwona kama mtu anayeinunua nyumba ya watu kidogo kidogo huku wenyewe wakimpigia makofi.

Lengo la makala si kumhukumu marehemu. Linalochunguzwa ni lugha ya mabishano yenyewe. Dai kuu ni kwamba pande zote mbili zilidhani zinabishana juu ya mtu, kumbe ziligawanywa na majina matatu: mfadhili, mwekezaji na mpangaji. Kila jina lina mkataba wake uliofichika ndani, na kila mara jina lilipobadilika, mkataba nao ulibadilika bila wabishi kutambua. Kwa nini jambo hili liwahusu wasomi wa Kiswahili wa Kongo, sababu zake zitaonekana katika sehemu ya tano na ya sita.

2. Usuli wa malumbano

Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga na kuanzisha timu ambayo, baada ya kupitia majina kadhaa, likiwamo Sunderland, iliitwa Simba mwaka 1971. Katikati ya miaka ya 1970 mgawanyiko mwingine ndani ya Yanga ulizaa Pan African. Baadaye klabu ikagawanyika tena katika kambi za Yanga Asili na Yanga Kampuni. Kwa hiyo ugomvi wa nani mwenye Yanga haukuletwa na Manji, bali aliukuta ukimngoja mlangoni.

Jambo la pili la usuli ni lakabu. Wapenzi wa Yanga huiita timu yao Wananchi. Jina hili hubeba dai zito: kwamba timu ni ya umma, na umma hauwezi kununuliwa. Lakini mwananchi huyo huyo ndiye asiye na fedha za kumlipa mchezaji wa kigeni, wala kocha, wala tiketi za ndege za kwenda kucheza Aljeria. Malumbano yote yanayochunguzwa hapa yalizaliwa katika pengo hilo kati ya jina na mfuko.

Jambo la tatu ni aibu. Tarehe 6 Mei 2012 Yanga ilifungwa na Simba mabao 5 kwa 0. Uongozi uliokuwapo ulianguka, na ndani ya miezi michache Manji akawa mwenyekiti. Hivyo cheo hicho alikipata wakati ambapo hadhira ilikuwa ikimtafuta mtu wa kuiondolea fedheha. Katika masimulizi ya jadi, shujaa huja wakati kijiji kimekwisha kukata tamaa, na hakuna amwulizaye masharti yake. Malumbano ya Yanga yalirithi muundo huo wa ngano. Katika misimu ya 2014/15, 2015/16 na 2016/17 Yanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara tatu mfululizo, na ngano ikaonekana kutimia.

3. Fani ya malumbano

Malumbano haya hayaanzi kwa hoja, huanza kwa kumchokoza msikilizaji kwa swali la balagha linalomtaka ataje alichokitoa yeye. Swali hilo lina nguvu kwa sababu jibu lake linajulikana: msikilizaji ametoa kiingilio na sauti yake tu. Upande wa utetezi hulitumia kufunga mlango kabla mjadala haujaingia ndani. Upande wa upinzani nao hujibu kwa swali la balagha la kwao, linalouliza ni lini hesabu zilisomwa mbele ya wanachama.

Baada ya uchokozi huja orodha. Mtetezi huhesabu wachezaji waliosajiliwa, makombe na safari. Mpinzani huhesabu mikutano isiyofanyika na madeni yasiyoelezwa. Mbinu ya orodha inafahamika katika majigambo ya Kiswahili, ambamo fanani hujiinua kwa kutaja matendo moja baada ya jingine. Tofauti ni kwamba katika malumbano haya fanani hujigamba kwa matendo ya mtu mwingine. Mpenzi asiye na shilingi hutamba kwa fedha za mwenyekiti wake mbele ya mtani wa Simba, na kwa dakika chache utajiri huo unakuwa wake. Hapa ndipo utamu wa utanzu huu ulipo, na ndipo pia udhaifu wake: ni vigumu kwa mtu kuhoji mali anayoitumia kujigamba.

Mwisho huja methali, ambazo hufanya kazi ya hukumu. Watetezi hupendelea ile isemayo kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, pamoja na ile ya fadhila ya punda kuwa mateke. Wapinzani hupendelea ile isemayo kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mhakiki atatambua kwamba methali hizi hazipingani. Mbili za kwanza zinahukumu tabia ya mtoaji na ya mpokeaji. Ya tatu inahukumu matokeo ya kupokea. Pande mbili zilikuwa zikijibu maswali mawili tofauti, na kila upande uliondoka ukiamini umeshinda.

4. Majina matatu na mikataba yake

4.1 Mfadhili

Neno hili linatokana na fadhila, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu. Fadhila ni wema ambao mtendaji wake hakulazimika kuutenda. Kwa sababu hiyo haina bei, haina muda, na haina risiti. Malipo yake ni shukrani peke yake, na asiyeshukuru huitwa mwizi wa fadhila. Lugha yenyewe inamhesabu mkosoaji miongoni mwa wezi.

Hapa ndipo malumbano yalipofungwa kwa muda mrefu. Maadamu Manji aliitwa mfadhili, kumwuliza hesabu kulikuwa ni utovu wa adabu. Hata sarufi ilisaidia. Katika sentensi ya kawaida ya malumbano, mfadhili ni kiima, kitenzi ni kufadhili, na klabu ni yambwa. Sentensi ikigeuzwa, klabu hufadhiliwa; hupokea tu. Mwanachama, ambaye katiba ya klabu inamfanya mwenye mali, haonekani popote katika sentensi hiyo. Amekuwa mtazamaji wa fadhila inayotendewa kitu chake mwenyewe.

4.2 Mwekezaji

Neno mwekezaji limetokana na kuweka kwa njia ya kuwekeza. Lilienea sana Tanzania wakati wa kulegezwa kwa masharti ya uchumi, na Kituo cha Uwekezaji Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1997. Anayeweka kitu mahali hukusudia kurudi kukichukua. Ndani ya neno mna faida, mna muda, na mna haki ya kuuliza. Hakuna aibu yoyote katika hayo, ila mwekezaji hadai shukrani. Anadai mgawo.

Mwaka 2016 majina haya mawili yalichanganyika. Mwaka huo Mohammed Dewji alijitokeza kwa watani, Simba, akiahidi shilingi bilioni 20 kwa asilimia 51 ya hisa. Maneno hisa, mtaji na uwekezaji yalivuka kutoka Msimbazi hadi Jangwani. Wapenzi wa Yanga waliomtetea Manji walianza kumwita mwekezaji, lakini waliendelea kumdai mpinzani shukrani zinazomstahili mfadhili. Hili ndilo kosa kuu la upande wa utetezi. Mtu hawezi kupokea faida ya mwekezaji na heshima ya mfadhili kwa fedha zile zile. Akitaka shukrani, aache mgawo; akitaka mgawo, akubali maswali.

4.3 Mpangaji

Agosti 2016, katika mkutano wa dharura wa wanachama, Manji aliomba kuikodi timu pamoja na nembo yake kwa miaka 10. Klabu ingepata asilimia 25 ya faida na mkodi asilimia 75, naye angebeba hasara. Upande wa upinzani ulilipokea neno kukodisha kwa hasira. Ilionekana ni dharau kwamba Wananchi wapangishwe kama chumba cha uani au kama baiskeli ya saa moja.

Uhakiki wa neno lenyewe unaleta jibu lisilotarajiwa. Kati ya majina matatu, ni hili pekee linalomtaja mwenye mali. Hakuna mpangaji bila mwenye nyumba, na hakuna kukodi kusiko na siku ya kurudisha. Aliyekodisha ni kiima cha kitenzi. Kwa mara ya kwanza mwanachama alirudi katika sentensi akiwa mtendaji. Kwa upande wa lugha, ombi la 2016 lilikuwa la uwazi kuliko miaka yote ya fadhila iliyolitangulia, kwa kuwa lilikuwa na muda, kiasi na pande mbili.

Wapinzani basi walilipiga vita neno lililowalinda, baada ya kulikubali kwa miaka mingi neno lililowafuta. Swali lililofaa kuulizwa lilihusu vipengele: faida ingehesabiwa na nani, vitabu vingekaguliwa na nani, na asilimia 25 ya faida isiyopatikana ni shilingi ngapi. Badala yake nguvu nyingi ya malumbano iliishia kwenye fedheha ya kupangishwa. Watetezi nao hawakuvisoma vipengele kwa makini zaidi, kwa kuwa kwao kuvihoji kulikuwa bado ni wizi wa fadhila. Mpango ulikwama, na Mei mwaka uliofuata Manji alijiuzulu.

Itajwe hapa kwamba mwaka 2017 Manji alikabiliwa na kesi mbili, moja ya matumizi ya dawa za kulevya na nyingine iliyohusu usalama wa taifa. Katika ya kwanza mahakama ilimwachia huru, na ya pili iliondolewa. Malumbano yalizitumia kesi hizo kama silaha pande zote, moja ikizisoma kama doa na nyingine kama mateso ya shujaa. Kwa swali la fedha za klabu hazikuongeza wala kupunguza kitu.

5. Bure na bakuli: taswira mbili

Taswira ya kwanza inaigusa Lubumbashi moja kwa moja. Tarehe 28 Juni 2016 Yanga iliikaribisha TP Mazembe jijini Dar es Salaam katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Uongozi wa Yanga uliamua wapenzi waingie bure. Uwanja ulijaa, na Mazembe ikashinda 1 kwa 0; mwaka huo ndiyo iliyolitwaa kombe.

Katika malumbano, siku hiyo ilitajwa kama kilele cha ukarimu. Ilikuwa hivyo kweli kwa mchuuzi wa Kariakoo ambaye asingeweza kulipa. Hata hivyo neno bure katika Kiswahili lina nyuso mbili: lisilolipiwa, na lisilo na maana. Kiingilio ndicho mchango pekee ambao mpenzi wa kawaida huutoa kwa mkono wake. Kilipofutwa, alipewa mchezo na akanyang'anywa nafasi ya kusema kwamba naye ameijenga timu. Swali la balagha lililotajwa katika sehemu ya tatu, lile linalomtaka ataje alichokitoa, lilizidi kuwa kali: sasa hata kiingilio hakuwa nacho cha kutaja.

Taswira ya pili ni bakuli. Baada ya Manji kuondoka, mishahara ilichelewa na klabu ikatikisika. Mwaka 2018 alikuja kocha Mkongo, Mwinyi Zahera, aliyekuwa pia katika benchi la ufundi la timu ya taifa ya Kongo. Mbali na kazi ya ufundi, Zahera aliwahimiza wapenzi kuichangia timu yao, akizungumza nao kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Watani wa Simba walipata cha kuchekea: Yanga inatembeza bakuli. Katika Kiswahili kutembeza bakuli ni kuombaomba, na dhihaka hiyo ilichoma.

Lakini bakuli lina maana nyingine ambayo malumbano yaliichelewesha kuiona. Ombaomba hutembeza bakuli kwa watu baki. Yanga ilitembeza bakuli miongoni mwa wenye Yanga. Tendo hilo Kiswahili huliita mchango, na mchango hauna mfadhili, una washirika. Timu iliyoishi kwa njia hiyo ilimaliza msimu wa 2018/19 katika nafasi ya pili, nyuma ya Simba. Haukuwa ubingwa, wala haukuwa msingi wa kudumu wa fedha. Ulikuwa ushahidi kwamba yambwa anaweza kuwa kiima.

Kipindi hicho cha dhiki kilitumiwa na pande zote mbili kama uthibitisho. Watetezi walisema kwamba bila Manji klabu ilinyauka, hivyo ndiye aliyeiokoa. Wapinzani walisema kwamba klabu iliyookolewa kweli hainyauki siku mwokozi anapoondoka. Hoja ya pili ina uzito zaidi kimantiki, kwa kuwa kuokoa ni tofauti na kubeba. Aliyebebwa akishushwa hurudi pale pale aliposimama; aliyeokolewa huweza kutembea. Hata hivyo wapinzani nao wanadaiwa jibu: katika miaka waliyokuwa wakipinga, ni mpango gani wa fedha waliouweka mezani badala ya ule walioukataa? Malumbano hayakulijibu swali hilo, na kimya hicho ndicho udhaifu wao mkubwa.

6. Mwangwi wa malumbano nje ya Jangwani

Malumbano hayakufa na kujiuzulu kwa Manji. Kuanzia 2019 kampuni ya GSM iliingia kama mdhamini. Juni 2021 wanachama wa Yanga waliridhia mabadiliko ya kuwaachia wao asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Julai 2022 Hersi Said, aliyetokea GSM, alichaguliwa rais wa klabu. Yanga ilitwaa ubingwa tena kuanzia msimu wa 2021/22, na mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho ikashindwa na USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Wabishi walihamisha silaha zao zile zile kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Kilichoongezeka ni tarakimu: 51. Kwa mara ya kwanza mpinzani alikuwa na kitu cha kushika mkononi badala ya methali, na mtetezi naye alikuwa na kiwango ambacho hapaswi kukivuka. Kama tarakimu hiyo inaheshimiwa katika maamuzi ya kila siku ni swali la wanachama kulifuatilia, lakini angalau linaweza kuulizwa bila mtu kuitwa mwizi.

Lubumbashi nayo ina malumbano yake. Tangu Moïse Katumbi alipochukua uongozi wa TP Mazembe mwaka 1997, klabu ilitwaa ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, ikacheza fainali ya dunia ya vilabu Desemba 2010, na ikajenga uwanja wake Kamalondo uliofunguliwa 2011. Wapenzi wake humwita Chairman, neno la Kiingereza katika mji unaozungumza Kiswahili na Kifaransa. Uteuzi wa neno geni una maana. Mfadhili, mwekezaji na mpangaji ni majina yanayoweza kufunguliwa na kila msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa mizizi yake inajulikana. Chairman halifunguki. Halisemi kama mtu huyo ametoa, ameweka, au amekodi. Linasema tu kwamba ameketi mbele. Kati ya Mei 2016 na Mei 2019, Katumbi alipokuwa nje ya nchi kwa sababu za kisiasa, swali la mahali inapoishia mali ya mtu na inapoanzia mali ya klabu lilikuwa na haki ya kuulizwa Kamalondo kama lilivyoulizwa Jangwani. Ukosefu wa jina linalofunguka hulifanya swali hilo kuwa gumu zaidi kuanza.

Hapa pana kazi kwa wanafunzi wa Kiswahili wa Kongo. Msamiati ambao wapenzi wa Mazembe na wa Saint-Éloi Lupopo huutumia kuwataja wenye fedha, tangu mukubwa wa Kiswahili cha Lubumbashi hadi patron wa Kifaransa, unastahili kukusanywa na kuchambuliwa kwa bidii ile ile inayotumika kwa methali na nyimbo za jando.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha kwamba malumbano ya Yanga juu ya Yusuf Manji ni utanzu wenye fani iliyokomaa na maudhui mazito. Fani yake ina uchokozi, orodha na methali. Maudhui yake ni swali la zamani la jamii yoyote isiyo na fedha: ni kwa masharti gani mtu mmoja aruhusiwe kuokoa mali ya wengi. Udhaifu wake ni kwamba lilipima moyo wa mtoaji likaacha kupima masharti yake. Watetezi walimlipa mwekezaji kwa sarafu ya shukrani. Wapinzani walilikataa neno pekee lililowatambua kama wenye nyumba.

Manji alitoa fedha nyingi, na Yanga ilishinda katika zama zake. Hayo mawili hayahitaji kubishaniwa. Linalobaki kwa wapenzi wa timu yoyote inayotafuta tajiri, iwe Dar es Salaam au Lubumbashi, ni kumwuliza kabla hajaingia aitwe nani, kisha kumshika kwa jina hilo.